UUNGWANA WA MSHINDI
Somo la kuzungumza nyumbani na katika vikundi

Someni kwanza: 1 Samweli 18:6-9, 2 Samweli 19:1-8, Mithali 24:17-18, Luka 10:17-20.



Jioni moja nilipita kwenye kiwanja kidogo cha mtaani kwetu hapa Kikwajuni, saa ile ambayo vijana hucheza mbiombio kabla giza halijaingia. Mpwa wangu alikuwamo uwanjani. Timu zilikuwa sare. Akapata mpira, akawapita wawili, akafunga. Nilifurahi, nakiri, hata nikaweka chini kikapu changu cha sokoni ili nipate kupiga makofi. Lakini badala ya kurudi kwa wenzake, kijana alimwendea kipa ambaye bado alikuwa amelala mchangani, akamsimamia kichwani, akaweka mkono sikioni kana kwamba anamwambia, "Sema basi, nikusikie." Watazamaji wakacheka. Na mimi nilicheka.

Kipa yule ni mtoto wa jirani yetu. Sikukuu ya Idi sahani zao huja kwetu, na Krismasi sahani zetu huenda kwao, na hakuna tena anayekumbuka nani alianza. Wiki ile nyumba yao ilikuwa bado katika arobaini ya bibi yao, na mtoto alikuwa amerudi kiwanjani siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kwa wiki mbili zilizofuata mama yake alipita mbele ya baraza yetu bila ya kutusalimu. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyetukanwa hata kwa neno moja. Kama pangalikuwa na refa wa kweli, asingalikuwa na la kuandika katika daftari lake. Hata hivyo kitu kilivunjika baina ya nyumba mbili, na kilivunjika wakati wa furaha.

Sote tunaijua methali isemayo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni methali njema, lakini angalieni kwamba siku zote tunamwambia aliyeshindwa. Yeye ndiye anayefundishwa adabu: asinune, asilaumu refa, atoe mkono. Aliyeshinda tunamwacha afanye apendavyo. Katika somo hili tumtazame yeye. Je, mshindi naye ana wajibu gani?

1. FURAHA YENYEWE SI KOSA

Kwanza tuondoe mawazo ya watu wanaodhani kwamba Mkristo mwema ni yule anayefunga bao kisha akatembea kama anayetoka mazikoni. Sivyo. Mfalme Daudi alicheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Agano, na mkewe Mikali aliyemdharau kutoka dirishani ndiye aliyeonekana kuwa na makosa (2 Samweli 6). Tena yako masimulizi mengine ambayo hatuyasomi mara nyingi. Baada ya vita vya Absalomu, Daudi alimlilia mwanawe hata askari waliomwokoa wakaingia mjini kwa kunyatia, kama watu walioona haya kwa kukimbia vita. Yoabu alimwendea mfalme akamkemea: watu hawa wamehatarisha roho zao kwa ajili yako, nawe unawatia aibu. Daudi akasikia, akatoka akaketi langoni, watu wakamwona. Kumnyima mtu furaha ya kazi yake ni dhuluma pia.

Wale wenye umri wataikumbuka Kombe la Dunia la mwaka 1990 kule Italia. Roger Milla wa Kameruni alikuwa na miaka 38, umri ambao wachezaji wengi wamekwisha kustaafu. Alifunga mabao manne, na alipofunga alikwenda kwenye kibendera cha kona akacheza ngoma, mkono mmoja tumboni na mwingine juu. Kameruni ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali. Hakuna aliyeona kwamba ametukanwa na ngoma ile. Alicheza na kibendera. Hakuwa akimchezea mtu.

2. SHERIA ZA MCHEZO ZASEMAJE?

Vijana wetu wengi wanajua kwamba mchezaji akivua jezi baada ya kufunga hupewa kadi ya manjano. Utaratibu huo ulianza kutumika mwaka 2004. Wengi hudhani kwamba sheria inasema hilo tu. Sheria ya 12 ya mpira wa miguu inaanza kwa kutoa ruhusa: wachezaji wanaweza kushangilia bao, ila wasizidishe. Kisha inataja mambo yanayoleta kadi: kupanda uzio kwa namna inayohatarisha usalama, kufanya ishara za uchokozi au dhihaka, kujifunika uso kwa kinyago, na kuvua jezi. Na kadi hiyo hubaki hata kama bao lenyewe limekataliwa.

Hapo pana fundisho. Bao na namna ya kulishangilia ni matendo mawili mbalimbali, na kila moja lina hukumu yake. Mtu aweza kufunga kwa haki kabisa, kisha akakosa dakika hiyo hiyo. Ndivyo ilivyo hata nje ya uwanja. Mtu ameshinda kesi ya shamba kwa haki, kisha akapita mlangoni kwa mwenzake akiimba. Mwanafunzi amefaulu mtihani kwa juhudi zake, kisha akamwuliza aliyeanguka alipata ngapi. Haki ya kushinda anayo. Haki ya kudhihaki hakupewa na mtu.

3. FURAHA INAELEKEA WAPI?

Nimefikiri sana jinsi ya kumweleza kijana tofauti hiyo kwa maneno mafupi, nikaona swali moja latosha: ulipofunga, uliugeuzia wapi uso wako?

Milla aliugeuzia kwenye kibendera, na wenzake wakamfuata. Sasa tazameni mfano mwingine wa Mwafrika hodari. Emmanuel Adebayor wa Togo aliihama Arsenal mwaka 2009 akaingia Manchester City. Tarehe 12 Septemba mwaka huo timu hizo zilikutana, na Adebayor akafunga. Akakimbia uwanja mzima, kutoka goli moja mpaka jingine, ili akapige magoti mbele ya mashabiki wa Arsenal waliokuwa wakimzomea tangu mwanzo. Vitu vikarushwa uwanjani, na mhudumu mmoja wa uwanja akaumia. Adebayor alitozwa faini ya paundi 25,000. Huenda waliomzomea walikuwa wabaya kuliko yeye. Lakini aliyeumia hakuwa mmoja wa waliozomea, wala hakuwa mchezaji. Kejeli mara nyingi humpata mtu asiyehusika.

Kule Marekani na Kanada kuna mchezo wa besiboli, ambao mtu hupiga mpira kwa gongo na kukimbia vituo. Wachezaji wake wana desturi kali juu ya jambo hili, ingawa haikuandikwa mahali: anayepiga mpira ukavuka uzio hutarajiwa aweke gongo chini na kuzunguka vituo kwa utulivu, kwa kumstahi aliyeutupa mpira. Tarehe 14 Oktoba 2015 mjini Toronto, José Bautista alipiga mpira uliowapa wenzake ushindi mkubwa. Akasimama akautazama unavyokwenda, kisha akalirusha gongo kwa mbwembwe. Wako walioona ni furaha ya haki baada ya mchezo mgumu, na wako walioona ni dharau. Timu ya Texas iliyofungwa haikusahau. Tarehe 15 Mei 2016, miezi saba baadaye, timu zilipokutana, Bautista alipigwa kwanza kwa mpira uliotupwa. Naye akamteleza kwa nguvu Rougned Odor kwenye kituo. Odor akamtandika ngumi ya taya mbele ya dunia nzima. Odor alifungiwa michezo kadhaa. Mimi sisemi kwamba gongo lililorushwa linastahili ngumi. Aliyelipiza kisasi ana dhambi yake mwenyewe. Nasema tu kwamba dakika moja ya mbwembwe iliwekewa kumbukumbu kwa miezi saba.

Maandiko yanalijua jambo hili. Daudi alipomwua Mfilisti, wanawake walitoka mijini na matari wakaimba. Kushangilia kulikuwa kwema. Lakini wimbo wao ulilinganisha: Sauli kahesabiwa maelfu, Daudi kahesabiwa makumi ya maelfu. Kitabu kinasema kwamba tangu siku ile Sauli alimwonea Daudi kijicho. Fikirini, ndugu. Daudi mwenyewe hakuimba. Waliomtia hatarini ni waliokuwa wakimpenda, kwa sababu hawakujua kumsifu bila ya kumshusha mwingine. Mashabiki na wazazi tujitazame hapo.

4. UTANI NA DHARAU

Labda msomaji atasema: "Mwalimu, ukituondolea kuchekana, mpira utabaki na nini? Sisi ni watu wa utani."

Ni kweli, wala sitaki kuuondoa. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na Unguja hii nyumba nyingi zimegawanyika baina yao. Kila mmoja ana tarehe zake. Mtu wa Yanga atakukumbusha 5-0 ya mwaka 1968, wakati Simba ikiitwa Sunderland. Mtu wa Simba atajibu kwa 6-0 ya tarehe 19 Julai 1977, na akipenda ataongeza 5-0 ya tarehe 6 Mei 2012. Kisha mtu wa Yanga atakuinulia vidole vitano kwa ajili ya 5-1 ya tarehe 5 Novemba 2023. Hesabu hii haiishi, na hapa ndipo penye hekima yake: kila anayecheka anajua kwamba alikwisha chekwa, na kwamba atachekwa tena.

Lakini tusilitumie neno utani ovyo. Utani wa wazee wetu ulikuwa na masharti. Mtani aliruhusiwa kukucheka kwa kuwa alikuwa na wajibu kwako. Ukifiwa, yeye ndiye aliyekuja kufanya kazi za msiba, na hata kukuchekesha ili usizame katika huzuni. Ruhusa na wajibu vilikwenda pamoja. Anayechukua ruhusa akauacha wajibu si mtani. Huyo ana dharau, na ameivika nguo ya utani.

Basi kijana anayetaka kumcheka mwenzake ajipime hivi: je, nikimcheka leo, kesho naweza kubisha hodi kwao nikakaribishwa? Na je, naijua hali yake ya leo? Mpwa wangu hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akitania. Lakini alimtania mtu aliyekuwa chini, mbele ya watu, katika wiki ya msiba, naye hakuwa amefika msibani kutoa mkono.

Tazameni jinsi wakubwa walivyofanya. Tarehe 8 Julai 2014 Ujerumani iliifunga Brazil 7-1 nchini Brazil kwenyewe, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mpaka mapumziko yalikuwa mabao matano. Beki wao Mats Hummels alieleza baadaye kwamba katika mapumziko walikubaliana waendelee kucheza kwa bidii, ila wasimdhalilishe mtu kwa maonyesho. Hawakuacha kufunga. Kuacha kucheza kwa kumhurumia mwenzako nako ni kumdharau. Waliacha kejeli tu.

5. NENO UUNGWANA

Sisi Waanglikana wa Unguja tuna urithi wetu katika jambo hili. Miongoni mwa watu wa kwanza kucheza mpira wa miguu katika kisiwa hiki walikuwa vijana wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, katika karne ya kumi na tisa, chini ya Misheni ya U.M.C.A. Wengi wa wanafunzi wa mwanzo walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Watoto hao walikuwa wamefanywa bidhaa. Walijua maana ya kusimamiwa kichwani na mtu anayecheka.

Na sisi neno letu la tabia njema ya mchezo ni uungwana. Zamani mwungwana alikuwa mtu huru, aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Lilikuwa neno la daraja, la kutenga watu. Leo tunalitumia kwa mtu mwenye adabu, awe nani kwa kuzaliwa. Nikiwafikiri watoto wale wa Kiungani wakikimbilia mpira, naona kwamba uungwana wa namna hii mtu hapewi na ukoo wake. Hujipatia kwa jinsi anavyomtendea aliye chini yake, na uwanjani aliye chini ni yule aliyefungwa sasa hivi.

Wanafunzi sabini walirudi kwa Bwana wamejaa furaha kwa sababu hata pepo waliwatii. Bwana hakuwakataza kufurahi. Aliigeuza furaha yao ielekee kwingine: wasifurahie kwamba wengine wamewekwa chini yao, bali kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Furaha ya namna hiyo haihitaji mtu wa kumkanyaga.

6. TUFANYEJE?

Mchezaji: ukifunga, kimbilia kwa aliyekupa pasi. Bao halifungwi na mtu mmoja. Ukimkumbatia yeye, uso wako umekwisha geukia mahali pema. Filimbi ya mwisho ikilia, mkono wa kwanza umpe kipa uliyemfunga.

Mwalimu wa timu: wafundishe kushangilia kama unavyowafundisha kupiga penalti. Mwambie kijana kosa lake siku mliyoshinda, maana siku mliyoshindwa kila mtu ana adabu.

Mzazi na mtazamaji: tuchunge vicheko vyetu. Mtoto hurudia kile kilichochekewa. Na tujifunze pia kuwashangilia walioshindwa kwa heshima. Tarehe 17 Desemba 2017 timu yetu ya Zanzibar ilicheza fainali ya Kombe la Chalenji na wenyeji Kenya huko Machakos. Ilitanguliwa mara mbili, ikasawazisha mara mbili, ikashindwa kwa penalti 3-2. Ilirudi Unguja bila ya kombe, nasi tukaipokea kwa shangwe. Siku ile tulijua kwamba furaha yaweza kuwepo bila ya kikombe, na bila ya mtu wa kumcheka.

Turudi kwa jirani. Baada ya wiki mbili nilimwita mpwa wangu, tukaenda pamoja. Nilikuwa nimetunga maneno mengi ya kuomba radhi. Mama alitupokea, akatuwekea kahawa, kisha akasema: "Mjomba, bao si neno. Mpira una mabao, na mwanangu kesho naye atafungiwa timu yake ishinde. Lakini alikuwa chini, na nyote mkacheka. Wewe nawe nilikusikia."

Sikuwa na jibu. Nilikwenda pale kumwombea radhi kijana, kumbe mdaiwa wa pili nilikuwa mimi. Mpwa wangu alimwendea kipa, naye alikuwa ameketi ukumbini akijifanya hatusikii. Sijui walisemezana nini. Jioni niliwaona wanakwenda kiwanjani pamoja, mmoja amebeba mpira. Salamu za barazani zimerudi, ingawa bado ni fupi kuliko zamani. Kilichovunjika kwa dakika moja hakitengenezwi kwa kikombe kimoja cha kahawa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika 1 Samweli 18, kosa lilikuwa la wanawake walioimba, la Sauli, au la wote? Toeni sababu.
2. Yoabu alikuwa na haki ya kumkemea Daudi (2 Samweli 19)? Ni lini huzuni ya mtu mmoja yaweza kuwadhulumu wengi waliofanya kazi njema?
3. Je, ulikuwa na makosa Bautista kulirusha gongo, au waliomkasirikia walizidisha? Kuna desturi gani zisizoandikwa katika michezo yetu na katika mtaa wetu?
4. Taja utani mmoja unaojenga na mmoja unaobomoa. Umejuaje tofauti?
5. Ni ushindi gani nje ya uwanja (wa kesi, mtihani, kazi, uchaguzi, arusi) ambao mwaka huu ulikufanya umcheke mtu? Yuko mtu ambaye wiki hii yakupasa kubisha hodi kwake?

Tuombe kwa ajili ya vijana wa mtaa wetu wanaocheza jioni, wa dini zote. Na kwa ajili yetu sisi tunaosimama pembeni na kucheka. Mungu atupe ushindi tusiouonea haya kesho yake. Amina.